Mtutu mnene haukufanya kazi peke yake

Mzee aliyelala upande wangu wa kulia alikuwa na Mark IV.

Naam, ile ile. Lee-Enfield namba 4 ya .303, mbao zimefifia, mtutu mwembamba umefunikwa ubao karibu mpaka mdomoni. Aliyekulia Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa. Askari wa wanyamapori waliibeba begani miaka nenda rudi, na hadi leo haikosi kutajwa kwenye taarifa za polisi kuhusu majangili. Hapa Bisley, kwenye viwanja vya shabaha vya Surrey, Uingereza, kuna watu wanaipiga kwa mapenzi tu.

Tulikuwa uwanja wa Stickledown, yadi 1,000, yaani mita 914. Mimi nilikuwa na bunduki ya F-TR, daraja mojawapo la F-Class, mchezo wa shabaha ya masafa marefu: darubini juu, miguu miwili mbele, mfuko wa mchanga chini ya kitako, na mtutu mpya mnene niliofungiwa wakati wa baridi kwa gharama ambayo nyumbani nimeitaja nusu. Mzee alikuwa na vilengeo vya chuma, mkanda wa ngozi mkononi na koti lenye viraka viwikoni.

Bisley wapigaji huandikiana alama. Kwa umbali ule huoni tundu la risasi. Unachoona ni kidau cha rangi ambacho walio handakini hukichomeka kwenye bango kila risasi inapopiga, kisha hukitoa na kuziba tundu la zamani. Mimi hupenda kuchora mahali kilipotokea kila kidau, pembeni mwa karatasi ya alama. Nikamchorea mzee. Upepo ulikuwa unamwonea: moja kushoto, nyingine kulia, moja imetoka nje ya duara jeusi la bango kabisa. Lakini kimo chake kilikuwa kimoja. Ungeweza kulaza rula juu ya nukta zile.

Zangu, dakika chache kabla, zilikuwa zimepanda na kushuka viganja viwili.

Nilimpongeza, akashukuru, akaanza kuokota maganda yake. Nami nikaondoka na swali ambalo kwa wiki kadhaa sasa limekataa kutoka. Bunduki iliyoundwa kwa ajili ya vita, yenye mtutu ambao leo hakuna fundi wa shabaha angethubutu kumuuzia mteja, imewezaje kuishinda yangu kwa wima?

## Hesabu tamu

Sitarudia habari za F-Class. Wanaonisoma hapa wanajua ilianzia Kanada kwa George Farquharson, na kwamba herufi F ni yake. Niende kwenye mtutu.

Chuma kinene hakipindi kirahisi, na utamu wa hesabu uko kwenye kiasi. Chukua mtutu wa unene wa milimita 18 na mwingine wa milimita 24. Tofauti ni theluthi tu. Lakini ukakamavu hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo huo wa pili ni mkakamavu zaidi ya mara tatu, ilhali uzito wake haufiki mara mbili. Ni biashara nzuri kuliko nyingi nilizowahi kufanya.

Urefu nao una neno lake. Mtutu wa sentimita 76 ukipunguzwa hadi 66, kupinda kwake chini ya nguvu ile ile kunashuka kwa theluthi hivi. Ila ukikata unapoteza mwendo, na risasi ya .308, ambayo ndiyo ninayopiga, ikipelekwa yadi 1,000 inahitaji kila mita ya mwendo iliyopo ili ifike ingali inaishinda sauti. Ndiyo maana wapigaji wa masafa marefu huacha mtutu uwe mrefu, kisha wanautibu urefu huo kwa unene.

Risasi huchukua kama sekunde moja iliyogawanywa mara elfu, na ushei kidogo, kupita mtutuni. Ndani ya kipande hicho cha muda mtutu unatikisika, mdomo wake unapanda na kushuka. Nukta moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ni sentimita 26 na nusu huko mwisho wa Stickledown. Kwa hiyo mtikisiko ambao jicho haliuoni unatosha kukutoa kwenye duara la alama tano, ambalo kwenye F-Class lina upana wa inchi 10.

Unene utazima mtikisiko. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yangu nilipompigia simu fundi.

## Kwa fundi

Karatasi nitazipita haraka. Uingereza mtutu peke yake huhesabiwa kuwa sehemu ya silaha, kwa hiyo lazima uwemo kwenye kibali chako kabla hujaletewa. Polisi waliandika, nikasubiri, kibali kikarudi.

Karakana ya fundi iko nyuma ya nyumba yake, ina joto la hita ya mafuta na harufu ya chuma kilichokatwa. Mimi nakereza vyuma kazini kwangu kila siku, vipuri vya pampu, kwa hiyo nilimwomba ruhusa nisimame nitazame. Alikubali kwa sharti nisiongee.

Mtutu wa zamani ulikuwa mwembamba, wa kuwindia. Aliubana kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya alumini, akanyunyiza unga wa utomvu usiteleze, akaingiza spana ndefu kwenye mwili wa bunduki, akavuta. Ukatoa mlio mkali mara moja kisha ukafunguka kwa mkono.

Nilidhani sasa atauchukua mpya aufunge. Hata kuugusa hakuugusa. Alitumia asubuhi nzima kwenye mwili wa bunduki wenyewe. Alikereza uso wake wa mbele, pale bega la mtutu linapokaa, mpaka ukawa mraba na tundu la bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Akapaka wino wa buluu kwenye vishikizo viwili vya bolti, akafunga na kufungua. Kimoja kilichubuka wino, kingine kikabaki buluu tupu. Maana yake kila shuti nililowahi kupiga, mzigo wote ulibebwa na kishikizo kimoja na bolti ilikuwa inajikunja. Akavisugua kwa dawa ya kusagia, polepole, mpaka vyote viwili vikachubuka sawasawa.

Ndipo akachukua mtutu mpya.

Ulikuwa chuma cha pua kilichong'aa, kizito mkononi, na kwa nje umenyooka bila kasoro. Fundi hakujali nje. Alipitisha ncha ndefu ya saa ya kupimia ndani ya tundu lenyewe, akazungusha, na mshale wa saa ukacheza. Tundu lilikuwa halikukaa katikati ya chuma kwa urefu wote. Karibu mitutu yote iko hivyo, kwa sababu keekee ndefu hupotea njia kidogo ndani ya chuma. Alirekebisha taya za kerezo nusu saa nzima, mpaka tundu likazunguka pale pale na mshale ukatulia ndani ya sehemu moja ya mia ya milimita. Upande wa nje, ule nilioulipia unene wake, ukawa unayumba hewani mbele yangu. Akaniona nikiutazama.

"Risasi haipiti nje," akasema.

Alikata thredi. Akaingiza rima, kifaa cha kuchonga chemba ambamo ganda la risasi hukaa, kwa mafuta mengi, mizunguko michache, anatoa, anasafisha vinyuzi vya chuma, anarudisha. Alipokaribia kina akaanza kujaribu kwa geji mbili: moja bolti lazima ifunge juu yake, nyingine lazima ikatae. Ilipofunga ya kwanza na kukataa ya pili, alipumua.

Mwisho ukaja mdomo. Aliukata kwa pembe ya digrii 11, kisha akachukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akakiingiza kidogo ndani na kukivuta nje, upande huu, upande ule, akizunguka duara lote. Nyuzi za pamba zikinasa popote, kuna ukwaru. Zilinasa mahali pamoja. Nisingeuona ukwaru ule hata kwa kioo cha kukuzia. Akarudi kwenye kerezo.

Kitako pia kilibidi kichongwe, maana mfereji wake ulikuwa wa mtutu mwembamba. Akaupanua, akaweka nguzo mbili za alumini penye skrubu, akamwaga gundi ya epoksi chini ya mwili wa bunduki ili chuma kikae kwenye umbo lake chenyewe. Siku iliyofuata alipitisha noti ya pauni tano kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele mpaka nyuma, haikugusa.

Bunduki ikapelekwa Birmingham, kwenye nyumba ya majaribio iliyoanzishwa 1813, ikapigwa kwa risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida, ikapigwa mhuri. Nikaichukua. Yadi 300 za kwanza, matundu yakakusanyika nusu ya nilivyozoea.

Nikamwambia kila mtu: nunueni mtutu mnene.

## Swali la mtu wa Likoni

Nina rafiki hapa, mzaliwa wa Likoni, aliyestaafu utumishi kabla ya kuwafuata watoto wake Uingereza. Ni mkali wa shabaha na mkali zaidi wa maneno. Nilipomsimulia habari ya mzee wa Mark IV hakucheka.

"Ndugu yangu, hebu niambie. Fundi alibadilisha nini?"

"Mtutu."

"Na nini tena?"

Nikamwambia juu ya vishikizo vya bolti. Na uso wa mbele wa mwili wa bunduki. Na chemba mpya, iliyokatwa kufuata tundu. Na mdomo. Na epoksi, na kitako kisichogusa mtutu.

"Basi vitu vyote hivyo vimefanya kazi, halafu shukrani anapewa aliyenenepa?"

Nilikasirika kidogo, kama mtu anavyokasirika akiambiwa neno ambalo lilikuwa limeshamkaa kooni. Ni kweli kwamba hakuna anayefunga mtutu mnene bila kubadilisha mengine yote. Unapolipa fundi wa kufunga mtutu, unalipia na usafi wa kila kiungo. Halafu picha unayoiweka mtandaoni inaonyesha unene, kwa sababu ndiyo tofauti pekee inayoonekana kwa macho.

Mtutu wa zamani nilikuwa nao bado, kwenye kabati la chuma, umeandikwa kwenye kibali. Nikampelekea fundi. Nilimwomba akate kipande cha upana wa kidole gumba mdomoni, auchonge mdomo upya kwa ile ile digrii 11, na aufunge kwenye mwili ule ule alioukwisha kunyoosha. Alinitazama kama anayemwona mtu aliyeoga akarudi kuvaa nguo chafu, ila hela ni hela.

Safari hii nilipiga yadi 300, hewa ikiwa imetulia, asubuhi kabla upepo haujaamka. Mwembamba, baada ya kuoshwa na kunyooshwa, ulipiga mashuti yake ya mwanzo karibu sawa na mnene. Niliweka karatasi mbili meza moja, nikamwita rafiki yangu wa Likoni achague ipi ya nani. Akabahatisha, akakosea.

Najua mashuti matano hayathibitishi kitu. Makundi madogo hudanganya watu kuliko kitu kingine chochote kwenye mchezo huu. Niliendelea mpaka nilipokuwa na karatasi za kutosha kuanza kuamini. Na hapo ndipo tofauti ilipojitokeza, mahali ambapo sikuitegemea.

Mwembamba ulipopata moto, matundu yakaanza kusafiri. Juu kidogo, kulia kidogo, shuti kwa shuti.

## Moto

Hapa ndipo ninapoweza kuutetea mtutu mnene bila aibu.

Kila baruti inapoungua, sehemu tu ya nguvu yake inakwenda na risasi. Nyingine inatoka na moshi mdomoni, na kipande kikubwa kinabaki kwenye chuma. Chuma chembamba kinapanda joto haraka. Na chuma chochote kilichotobolewa, kikasukumiwa mifereji ya msokoto, kikakerezwa nje, kina mikazo iliyofungwa ndani yake tangu kiwandani. Joto linaifungulia. Mtutu unaanza kupinda kuelekea huko ulikotaka kwenda siku zote. Zamani, mtutu ukitoka kiwandani umepinda, kulikuwa na mafundi wa kuunyoosha kwa kuubana, na wapigaji wakongwe watakwambia mtutu wa namna hiyo hausahau.

Mnene una chuma kingi cha kugawana joto hilo. Unapanda polepole. Shuti la kumi na tano linaenda pale lilipokwenda la kwanza, na kwenye mashindano hilo ndilo unalolipwa.

Una deni lake pia. Ukishapata moto haupoi upesi, na hewa inayochemka juu yake inapanda mbele ya darubini, bango linaanza kucheza. Wengi hufunga utepe mpana juu ya mtutu, kutoka kwenye darubini hadi mbele, uelekeze mvuke pembeni. Ukipita Stickledown siku ya jua utaona tepe hizo safu nzima.

Kwa mwindaji anayepiga shuti moja, mawili, haya yote hayamhusu. Mtutu mnene porini ni adhabu ya bega.

## Daktari aliyekwisha kuyaona

Wakati nasumbuka na haya nilijikuta narudi kwa Franklin Mann, daktari wa Massachusetts aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuliza kwa nini risasi mbili hazipiti tundu moja. Alichapisha matokeo yake 1909. Alifyatua kutoka kwenye nguzo ya zege aliyoiita Gibraltar, akitumia mitutu minene iliyovishwa pete za chuma na kulazwa kwenye mfereji wa umbo la V, bila kitako, bila bega la mtu. Mpaka leo viwanda vya risasi hupimia risasi zao kwa mitutu mizito inayobeba jina lake.

Mann alikuwa na unene wote duniani na mkono wake haukuwemo kabisa kwenye hesabu. Na bado risasi zilitawanyika. Kwa hiyo akaanza kuziharibu makusudi. Alichubua pua za risasi, zikaenda karibu sawa. Alichubua makalio yake, zikapotea. Kalio la risasi ndilo linaloaga mtutu mwisho, na mdomo wa mtutu ukiwa na ukwaru upande mmoja, gesi inapenya upande huo kwanza na kulisukuma kalio pembeni.

Nikakumbuka kijiti cha pamba cha fundi.

## Kwa nini Mark IV haikupanda wala kushuka

Jibu la swali langu la kwanza linajulikana kwa wapigaji wa Bisley tangu zamani, na nilishangaa kwamba nilikuwa nimelisikia bila kulisikiliza.

Bolti ya Lee-Enfield inashikwa nyuma, mbali na chemba, tofauti na bunduki za mtindo wa Mauser zinazoshika mbele. Inapofyatuliwa, mwili wake unanyumbuka, na mtutu mwembamba unarushwa kwenda juu. Risasi inatoka mdomo ukiwa bado unapanda.

Sasa tia akilini kwamba risasi mbili hazina mwendo mmoja kamili. Ya kasi inatoka mapema, mdomo ukiwa chini kidogo. Ya polepole inachelewa, inaukuta mdomo umepanda zaidi, inarushwa kwa pembe ya juu zaidi. Ya polepole ndiyo itakayoanguka zaidi njiani, lakini imepewa nyongeza ya pembe kufidia. Karibu na yadi 1,000 njia zao zinakutana.

Ndiyo maana zamani, Bisley, wapigaji waliitaka Lee-Enfield kwa masafa marefu, na kwa masafa mafupi wakachukua P14, bunduki nyingine ya .303 ya jeshi, inayoshika mbele na kutulia zaidi. Kwenye yadi 200 fidia ya Lee-Enfield inageuka hasara: risasi ya polepole inapiga juu, kwa sababu haijapata muda wa kuanguka.

Unyumbufu uliokuwa unamsaidia mzee ndio niliolipa pesa kuuondoa.

Nililala na hilo usiku mmoja, na asubuhi nikaazima kipima mwendo. Risasi zangu za kujazwa nyumbani, nilizokuwa nikizisifu, zilitofautiana mita 15 kwa sekunde kati ya ya kasi na ya polepole. Tofauti hiyo, ikifika yadi 1,000, ni zaidi ya sentimita 30 za wima. Vile viganja viwili, sasa nilijua vimetoka wapi. Mtutu mnene ulikuwa unatulia na kuzituma risasi zote kwa pembe moja, za kasi na za polepole, na karatasi ikawa inasoma baruti yangu waziwazi.

Jeshi la Uingereza lenyewe lilikwenda njia ya unene. Mwaka 1970 waliichukua Lee-Enfield hiyo hiyo, wakaifunga mtutu mzito wa 7.62 usiogusa mbao, wakaiita L42A1, bunduki ya walenga shabaha. Ndugu yake ya mashindano ni L39A1. Kisha wapigaji wa Bisley wakahamia kwenye miili ya Mauser, na kwenye bunduki kama Swing ya George Swenson, zinazoshika mbele. Hawakuwa wajinga. Fidia ya Mark IV inafanya kazi vizuri kwenye masafa mamoja na aina moja ya risasi. Ukibadilisha kimoja, inaondoka. Mtutu mkakamavu hauna upendeleo wa umbali. Ila unakudai risasi zinazofanana, na enzi za .303 ya jeshi risasi zinazofanana hazikuwepo.

Kuna wanaotaka vyote viwili. Wanafunga uzito mdogo mdomoni mwa mtutu, wanauzungusha mbele na nyuma mpaka mtikisiko uliobaki uangukie wakati unaofaa. Wa .22 wanaapa kwa kifaa hicho. Kwenye .308 nimeona kikisaidia na nimeona kikimtia mtu wazimu.

## Upepo haujali

Haya yote ni wima. Mlalo una bwana mwingine.

Upepo wa maili moja kwa saa, ambao mashavu yako hayausikii, unaisogeza .308 karibu nukta moja ya pembe kwenye yadi 1,000. Hiyo tayari ni nje ya duara la alama tano kama ulikuwa umelenga katikati. Bendera za Stickledown hubishana: ya karibu inaelekea kushoto, ya mbali inalala. Hakuna unene wa chuma unaosoma bendera.

Nilichogundua ni kwamba mtutu unaotulia hunisaidia hata hapa, kwa njia ya kuzunguka. Risasi ikienda kulia sasa, najua ni upepo. Zamani ningegawa lawama: labda mtutu umepata moto, labda kitako kimegusa, labda nimevuta triga vibaya. Ukiwa na washukiwa wengi humkamati hata mmoja. Tangu nipunguze tofauti ya mwendo kwa kupima kila punje ya baruti kwenye mizani na kupanga maganda kwa uzito, wima wangu umeshuka hadi kiganja kimoja na kidogo, na nimeanza kujifunza upepo kwa mara ya kwanza, miaka yote hii.

## Kilo 8.25

Mtutu wangu hautaishi milele. Kamera ndogo inayopita tunduni inaonyesha nyufa za moto mbele ya chemba, na mifereji pale imeanza kufifia. .308 ni mpole; mitutu yake hupiga maelfu ya risasi kabla ya kuchoka, wakati zile za baruti nyingi kama 6.5-284 huchoka baada ya elfu moja na kitu. Hata hivyo siku inakuja, na fundi keshaniuliza safari hii nataka unene gani.

Kanuni ya F-TR inasema kilo 8.25, pamoja na darubini na miguu ya mbele. F-Open, daraja la pili la F-Class, wana 10. Ukiuweka uzito wote kwenye mtutu, unakinyima kitako, na kitako chepesi mbele huruka kwenye miguu yake kila shuti. Rafiki yangu wa Likoni, yule yule aliyenihoji, ameagiza mtutu mnene kuliko wote atakaoweza kuupitisha kwenye mizani. Anasema joto ndilo adui wake, na nikimtazama anavyopiga, mashuti yamefuatana kama ana basi la kuwahi, siwezi kumbishia.

Mimi nimemwambia fundi apunguze. Unaokwenda ukipungua kuelekea mdomoni, mtindo unaoitwa Palma wa kati, sentimita 76. Nimemwambia pesa inayobaki aitumie palipokuwa na asubuhi ile nzima: vishikizo, uso wa mbele, tundu kukaa katikati, na kijiti cha pamba. Akaandika kwenye daftari lake bila kuinua kichwa.

Kwa hesabu yake nitabakiwa na gramu 400 chini ya kikomo. Nimeshaanza kuangalia miguu ya mbele iliyo mipana zaidi.